Pipa Lako ni Lipi, Mzee Anselme?

Mwaka umetimia, Mzee Anselme Corbasson, tangu uketi kwenye ngazi ya ghala katikati ya mavuno, ukasema unapumzika kidogo, na hukuinuka tena. Nusu ya zabibu ulikuwa umeshazikanyaga mwenyewe. Nusu ya pili aliimalizia binti yako Odile, huku analia.

Ulikataa dawa za dukani, ukainyunyizia mizabibu maji ya majani ya kuwasha. Majirani wakakucheka, nawe ukawaambia, "Chekeni tu, mtakuja kuomba glasi." Walikuja. Na kila Jumapili uliweka mezani chupa isiyo na karatasi ya jina, kila mtu abuni ni ya mwaka gani. Aliyekosea aliosha vyombo. Mdogo wako Firmin ameviosha miaka arobaini.

Ulituachia mapipa mawili ya mvinyo, lako na la Odile, kila moja na alama yake ya chaki. Mnunuzi wa mjini akaleta karatasi za kuuza shamba. Odile akasema, "Kama mkono wangu wa kutengeneza mvinyo haukaribii wa Baba, nasaini." Basi Jumapili hii tukashuka ghalani kuonja, na alama hazipo! Mkeo Huguette alikuwa amepangusa mapipa.

"Mama, umefanya nini? La Baba ni lipi sasa?" Odile akauliza.

"Onja, mwanangu. Ulimi unao."

Firmin akaonja la kushoto, akaapa ni lako. Akaonja la kulia, akaapa tena ni lako.

"Shemeji, kaka yako alikuwa mmoja," Huguette akamwambia.

Odile alikwenda huku na huku akionja mpaka kichwa kikamzunguka. Mwishowe akasimama penye la kushoto, laini, lenye harufu ya cheri na udongo baada ya mvua, akaangua kilio. "Hili ni la Baba. Lile kali ni langu. Nipeni kalamu nisaini."

"Hilo unalolilia ni lako," mama yake akasema. "Chaki niliifuta makusudi. Kwa baba yako, chupa haikuwa na karatasi."

Odile akakaa kwenye ngazi ileile yako. Alikukasirikia, akamkasirikia mama yake, akafurahi, akaona aibu kufurahi. Tangu lini mvinyo wako ukawa mkali? Ulikuwa mgonjwa ukatuficha? Au ulijua kwamba mvinyo huo unahitaji miaka kumi, nasi hatujui kungoja? Mzee, hatuelewi, na wa kumuuliza ni wewe.

Karatasi za mnunuzi zimerudi bila saini. Pipa lako hatutaligusa tena kwa sasa; tutajifunza kungoja.

Unakumbukwa na mkeo Huguette, mdogo wako Firmin, na binti yako Odile, ambaye Jumapili hii alikosea pipa la baba yake, na vyombo vyote akaosha yeye.

Hatutakusahau kamwe.