Usukani wa Gari la Gerald

Schaerbeek,
Brussels.
15 Juni 2025

Mpendwa wifi Georgina,

Shikamoo. Habari za hapo Moshi? Mama anaendeleaje na presha yake? Mvua zimewaachia chochote shambani? Mimi mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Ukiniuliza najisikiaje, sijisikii kitu. Nimekuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu ukafa ganzi.

Baridi imeisha huku. Makoti ya kaka yako Gerald nimeyapeleka kanisani, wakayagawa siku ileile.

Sasa lile gari. Lile jekundu la viti viwili, la zamani kuliko ndoa yetu, ambalo ulikuwa ukiliita mke mwenzangu. Nimeamua kuliuza. Kuna bwana mmoja wa Auderghem analitaka, ila lilikataliwa kwenye ukaguzi kwa sababu usukani unacheza. Na kweli ulikuwa unacheza, ukiushika unapanda na kushuka wenyewe.

Nikalipeleka kwa Rigobert, fundi Mkongo wa Bukavu mwenye gereji mtaa wa nyuma. Akaliinua kwa jeki, akatikisa magurudumu ya mbele, akakuta yako imara. Akaingia ndani, akauvuta usukani, na nguzo nzima inayoubeba ikaja nao. Akafungua kifuniko cha chini. Boliti zinazoishikilia zilikuwa zimelegea zote, na zile za upande wa mlango unazizungusha kwa vidole. Mimi nilikuwa namshikia tochi.

Akaniambia, “Bon, maman, hii haiko makosa ya kuendesha. Muntu alikuwa anajivuta na volant juu ya kutoka, kila siku, muda murefu. Papa alikuwa anaumwa magulu?”

Alimaanisha mtu aliyejivuta kwa usukani ili atoke, na magulu kwao ni miguu. Wifi, lile gari liko chini sana, kutoka humo ni sawa na kuinuka kwenye mkeka. Madaktari walisema saratani ilikuwa kwenye nyonga muda mrefu kabla ya Krismasi, ingawa Gerald alituambia maumivu yameanza Krismasi.

Ndipo nikakumbuka. Mwaka wake wote wa mwisho, tukifika nyumbani, alikuwa akiniambia, “Tangulia Bright, nakuja.” Mara anamalizia taarifa ya habari redioni, mara anatafuta miwani. Mimi natangulia na mifuko, nawasha jiko. Nilidhani anamuaga mke mwenzangu.

Pale matangani uliniuliza mbele ya watu, mtu anaumwaje ndani ya nyumba moja na mkewe, mke asijue. Sikukujibu, ukanuna hadi siku ninaondoka. Iliniuma, wifi, ila jibu sikuwa nalo. Sasa ninalo. Alikuwa anasubiri niingie ndani kwanza. Ukiniona bado mwongo sitabishana nawe.

Rigobert alizitoa boliti zote, akazisafisha, akazipaka gundi yao maalumu, akazikaza moja moja. Usukani umetulia, na gari limepita ukaguzi. Yule bwana analichukua Jumamosi. Nilidhani ningesikia uchungu kukuandikia hivyo, lakini hapana.

Jana Rigobert alinirudisha nyumbani kwa gari hilohilo, yeye akiendesha ili alisikilize. Tulipofika nikashuka na mfuko wangu, nikaenda moja kwa moja mlangoni bila kugeuka, kama siku zote. Ufunguo ulikuwa tayari kwenye kitasa nilipojishtukia. Nikarudi hadi mlango wa dereva, nikaufungua, nikanyoosha mkono. Rigobert akaniangalia, akaushika, akainuka. Ilikuwa ni adabu tu, miguu yake mizima.

Nisalimie Mama, shemeji Theophil na Agape. Mama usimwambie habari ya usukani, ana yake ya kumtosha. Mungu awalaze salama na kuwaamsha salama.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata ukininunia,

Brightness