Nati Niko Nayo

Baba Safi,

Usitafute nati ya gurudumu la nyuma la baiskeli. Niko nayo. Nimevuka mto kwa mufua chuma Kalume, atutengenezee spana ya kuishika sawasawa.

~~Leo ujipikie mwenyewe.~~ Ndizi ziko kwa chungu, samaki nimekufunikia. Kula.

Najua umekasirika. Asubuhi ulibana nati kwa koleo ya kung'olea misumari, ikateleza, ikakuchuna vidole. Nikasema, "Koleo hiyo ni pana, itakula pembe za nati." Ukanijibu mbele ya jirani yetu Mwanahamisi, akichekecha unga wake, "Muke anajua nini ya chuma?" Iliniuma. Halafu ukachukua nyundo, baiskeli ikaangukia ungo, wewe na Mwanahamisi mukawa weupe kama mizimu. Hapo nilicheka. Nisamehe, hata sasa ninacheka.

Spana nzuri ikishika nati haichezi. Ikicheza hata kidogo, Kalume ataipiga tena, mimi sitoki kwake. Kesho mujukuu wetu anapewa jina kule kwa Safi, na sitaki babu yake afike watu wamekwisha kula, anasukuma baiskeli kwa mukono.

Futa munyororo kwa kitambaa kikavu. Nyundo usihangaike nayo, nimeificha.

Na tukirudi kutoka kwa Safi, wewe utashika kiti kwa nyuma, mimi njo nitapanda, nijifunze kuendesha. Mwanahamisi nimekwisha mualika aje kutazama.

Mama Safi