Bibi Hataki Mabega ya Kubandikwa

Jumatatu, 4 Machi

Hili sijamwambia mtu yeyote: mimi sijui kupiga picha. Kitabu cha maktaba kuhusu mwanga nimekisoma mara tatu, na muhtasari nimeandika. Kamera ya klabu ya picha ya shule nimeishika mara mbili. Leo Bibi aliniuliza mbele ya Baba Mkubwa Thụ, "Khuê, si wewe ndiye wa picha shuleni?" Nikaitikia kwa kichwa. Mjinga mimi!

Sasa nimpige picha ya madhabahu ya nyumbani, ile tutakayoichomea ubani akishafariki. Mzima kabisa—asubuhi kagombana na muuza tofu sokoni. Ila ana miaka themanini na moja, anataka iwe tayari. Baba Mkubwa anataka ampeleke studio ya mtaani. Pale hupiga uso tu, kisha hubandika kichwa kwenye mwili wenye vazi la bluu. Wafu wote wa mtaa wetu wana mabega yaleyale. Babu alibandikiwa suti na tai. Maishani mwake hakuvaa tai hata siku moja.

"Miaka tisa namchomea ubani mgeni," alisema Bibi. "Kila asubuhi namwambia, samahani bwana wa tai, nifikishie salamu kwa mume wangu. Na mimi mnigeuze mgeni?"

Nimepewa hadi Jumapili. Nikishindwa, studio.

Jumatano, 6 Machi

Manyunyu tu. Kuta zinatoka jasho. Nyumba yetu nyembamba kama droo, mwanga huingia mlangoni basi. Nikajaribu taa. Chini ya taa nyeupe ya jikoni Bibi akatoka wa kijani. Akaitazama: "Huyu keshakufa." Nikamhamishia kwenye balbu nyekundu za madhabahu. Akatoka kama kamaliza chupa ya pombe ya mchele peke yake.

"Huyu msimchomee ubani. Mpeni karanga za kushushia pombe."

Alhamisi, 7 Machi

Flashi. Bibi kafumba macho. Tena—kafumba. Mara ya kumi na nne akayakodoa kwa nguvu, akawa kama kafumaniwa akiiba kuku. Kitabu kinasema elekeza flashi darini. Yangu haigeuki.

Jumamosi, 9 Machi

Manyunyu yamekatika! Nikamkalisha Bibi kando ya mlango. Upande mmoja wa uso—mzuri ajabu, kila kunyanzi laini. Upande wa pili giza tupu. Kisha jirani, Bi Lựu, akaja na kigoda chake, akakaa katikati ya mlango kutoa ushauri. "Mpake poda! Kidevu juu!" Sikuthubutu kumwambia aondoke. Nimepiga picha tisa za kivuli cha Bi Lựu, na kwa kila moja nikamwambia Bibi samahani.

"Wewe unanipiga picha," akauliza, "au unaniomba radhi?"

Jumapili, 10 Machi

Saa mbili asubuhi Baba Mkubwa alifika na pikipiki na helmeti ya pili. Bibi alikuwa ameshavaa vazi lake mwenyewe la mahameli ya zambarau. Bi Lựu mlangoni, na kigoda.

"Mama, twende, studio itajaa."

Bibi hakuinuka. Alinitazama mimi.

Nikasikia sauti—yangu!—"Bi Lựu, toka mlangoni, unaziba mwanga!" Akatoka, kigoda mkononi, mdomo wazi. Nikavuta shuka jeupe kitandani, nikampa Baba Mkubwa.

"Simama hapo, upande wa giza. Inua. Usipumue."

"Nisipumue?"

"Shuka linatikisika."

Mwanga ukagonga shuka, ukarudi shavuni kwa Bibi. Giza likaondoka! Bibi akamwona mwanawe, mkurugenzi mzima, kanyoosha mikono kama kamba ya kuanikia nguo. Akaanza kucheka.

"Mama, usicheke! Nani anacheka kwenye picha ya madhabahuni?"

Akazidi. Nikabonyeza. Kwenye kioo cha kamera, huyo hapo Bibi mwenyewe, si mgeni.

Baba Mkubwa akauliza kama ashushe mikono, studio inafunga saa sita. Nikamwambia bado. Nikasogea hatua moja karibu na Bibi, nikabonyeza tena.