Wa Kusimama Nyuma ya Tela

Mzazi mwenzangu,

Tumefika Lushoto salama na Neema amelala, lakini mimi nimeona nikuandikie kwanza. Wa kumweleza ni wewe tu, maana lile tela la kulala wageni unalijua kuliko mtu yeyote.

Leo nimelivuta kwa gari peke yangu kutoka Mtae kwa mara ya kwanza tangu tuachane ukahamia Arusha. Kesho asubuhi kuna wageni wanaolihitaji, wa kwanza tangu uondoke, na nikiwakosa hao sijui mtoto atakula nini. Kabla ya kufika Kwai ukungu ukashuka. Lori la kabichi likanipita kwa honi, likasimama mbele yangu, dereva akashuka.

"Dada, ukikanyaga breki taa za tela lako hazisemi kitu. Nusura nikugonge kwa nyuma, na naona una mtoto."

Akaenda zake. Nikaegesha pembeni, nikakata matawi na kuyatandaza barabarani nyuma ya tela kama ulivyonizoesha, halafu hofu ikanishika sawasawa.

Zamani hii ilikuwa kazi ya watu wawili. Wewe kwenye breki, mimi nyuma nimevaa sweta lako. "Inawaka?" "Haiwaki." "Sasa je?" "Hafifu, kama kibatari." Unakumbuka siku ile ya mvua pale Rangwi, tulivyoulizana hivyo mpaka masista wa misheni wakatuletea chai wakidhani tunagombana? Ndipo uliponiambia, "Taa zikianza kuazimana umeme, usihangaike na balbu. Tafuta ule waya mweusi uliofungwa kwenye chuma cha chasisi, ndio unaorudisha umeme." Nikakujibu kwamba mimi kazi yangu ni kutazama.

Leo niliwasha indiketa, nikashuka kuangalia. Taa nyingine za tela zilikuwa zinakonyeza pamoja nayo, hafifu. Zinaazimana. Nikalala kwenye tope na tochi ya simu. Waya ulikuwa mzima na nati imekaza, ila nati yenyewe ilikuwa ya kijani. Mwezi uliopita nililipaka tela lote kijani kwa sababu bluu yako ilinichosha macho, na kwa ule unadhifu wangu uliokuwa ukinitania nao, nilifungua hata huo waya, nikapaka chini yake, nikaurudisha. Rangi haipitishi umeme. Wewe pale uliacha chuma kitupu, nami miaka yote nilidhani ni uvivu wako.

Nikakwangua kwa kisu cha jikoni. Kijani kikatoka, bluu yako ikachungulia pembeni, katikati chuma kikang'aa. Nikafunga.

Lakini nani atazame? Neema ana miaka mitano, amesinzia kwenye kiti cha mbele. Sikuthubutu kumsimamisha barabarani kwenye ukungu ule. Na bila kujua kama taa zinawaka nisingeweza kuuanza ule mteremko wa kushukia Lushoto. Nilikuhitaji, na nilichukia kukuhitaji. Nikakaa kwenye usukani, nikakanyaga breki, na mdomo ukajisemea wenyewe, kwa sauti:

"Inawaka?"

Neema akafumbua macho. "Mama, unaongea na nani?"

Nikatazama kioo cha pembeni. Ukungu wote nyuma yetu ulikuwa mwekundu.

"Inawaka," nikamwambia, nikashuka kuondoa matawi.

Mwanao anakuamkia. Kaa salama huko uliko.

Mama Neema