Nge Chini ya Jiwe la Jiko

Jumatano, Kikatiti

Nge alikuwa amebeba watoto mgongoni, weupe, wadogo kama punje za mchele. Mimi na mama mkwe tulikuwa tunahamisha mawe ya jiko.

"Hao ni nini?" mama aliuliza.

Nilijibu kama niko darasani nikifundisha baiolojia. Nge hatagi mayai, huzaa watoto na kuwabeba mpaka wajivue ngozi ya kwanza, ndipo wanashuka.

"Na anayedondoka?"

"Hupanda tena, mama, akiweza."

Watoto wa jirani hucheza pale, kwa hiyo nikamuua nge na wanawe wote kwa jembe. Mama akakaa chini akalia, akimtaja mwanangu tuliyemzika mwezi uliopita.

Nilimshika bega. Nikangoja na mimi nisikie uchungu. Sikusikia, na hilo linanitisha.