Sekunde Sita za Mwangwi

Jumatatu, 4 Machi

Daktari kasema Jumanne ijayo. Zoloto lote linatoka. Alituchorea nyuma ya bahasha: hapa hewa itapita, hapa chakula, hapa hapatakuwa na kitu. Hapo pasipo na kitu ndipo sauti ya Baba ilipo sasa. Mchoro safi. Mistari imenyooka.

Baba aliishika ile bahasha njia nzima. Mnadi wa miaka thelathini na moja — kauza vitanda, baiskeli, na mara moja jeneza ambalo mgonjwa wake alipona — yote kwa koo hilo. Tulipofika mlangoni akasema, Fundi, utanirekodi ule wimbo wa mbuzi.

Fundi ni mimi. Wimbo kautunga yeye, wa kutulaza tulipokuwa wadogo: mbuzi kapelekwa mnadani, kila anayetaja bei, mbuzi anamjibu ovyo. Beti mbili. Haujaandikwa popote.

Nikasema sawa. Nikaenda kufagia studio.

Jumanne, 5 Machi

Jaribio. Studio yangu ni chumba kimoja nyuma ya duka la milango, kuta zote nimezivisha magodoro. Ukipiga makofi yanafia viganjani. Nilijivunia sana hilo.

Baba aliimba mistari minne, akavua hedifoni. Anasikika, kasema, kama mtu aliyefungiwa kabatini. Shangazi, dada yake, aliyekuja kumshikia koti: "Kaka yangu kazoea kujibiwa. Humu nani atamjibu, godoro?"

Ni kweli. Alinadi kwenye banda kubwa la bati, sauti ikienda na kurudi. Isiporudi, anasinyaa. Inabidi nitafute mashine ya mwangwi. Kompyuta yangu siwezi kuitwisha kazi hiyo. Hata saa inaonyesha kwa shida.

Jumatano, 6 Machi

Kwa Mzee Waya, muuza vyombo vya sauti vilivyokwishatumika. Alikuwa nazo tatu.

Ya kwanza ya springi. Sauti inapitishwa kwenye springi ndefu ndani ya sanduku, zinatetemeka. Nililigusa kwa goti, likanguruma. Mwangwi wake mfupi, wa karibu, una joto. Ila kila herufi ngumu inaipiga kama kijiko kwenye sufuria.

Ya pili ya dijitali, ya plastiki, ina kumbi kumi na sita ndani. Kumbi kubwa nzuri kabisa. Vyumba vidogo vinasikika kama ndoo.

Ya tatu ilizishinda zote, hata kwa bei. Tuliiamkia, tukapita.

Nikauliza nichukue ipi. "Binti yangu, cha bei rahisi hakikosi ugonjwa. Ujanja ni kuchukua wagonjwa wawili wasiougua kitu kimoja."

Nikachukua wote wawili, nikamwachia amplifaya yangu ya zamani. Akauliza nayo inaumwa nini. Nikamwambia atagundua.

Alhamisi, 7 Machi

Nilianza kwa kuziunga zifuatane, springi imwagie dijitali. Uji mtupu. Kila mtetemo wa springi ukumbi uliupokea na kuukuza.

Nikazitenganisha. Kila moja na njia yake kutoka kwenye mikseri. Springi kidogo tu, imweke mtu karibu. Ukumbi nyuma yake, nao nikauchelewesha kidogo — kama mgeni mwenye adabu, asubiri neno litoke ndipo aingie. Nikajaribu kwa sauti yangu mwenyewe, nikihesabu moja mpaka ishirini. Hata mimi nilisikika kama mtu wa maana.

Nadhani nilifurahi. Chai ilishika utando.

Kanuni ni moja: sauti kavu irekodiwe peke yake, mwangwi uende hedifoni tu. Baadaye unapima utakavyo. Ukishairekodi na mwangwi wake, hakuna wa kuuchuja. Nawafundisha watu wa kwaya jambo hili kila wiki, mpaka wamenichoka.

Jumamosi, 9 Machi

Baba kaja na suti ya mnadani. Shangazi alibaki nje, akabishana na muuza milango kuhusu mlango ambao hana nia ya kuununua.

Nikamwekea Baba mwangwi wa sekunde mbili. "Ongeza." Tatu. "Ongeza, Fundi." Nikamwambia maneno yatazama. Kasema anataka lile banda. Sita. Mgongo ukanyooka. Kwa mara ya kwanza tangu ile bahasha nikamwona ana urefu wake.

Kisha hedifoni zikaanza kukwaruza kwenye mikseri. Nikazihamishia kwenye rekoda. Na ili asikie mwangwi huko, nikaipa rekoda kila kitu kwa pamoja, sauti na mwangwi wake. Kazi ya dakika moja. Mikono ilifanya, kichwa kilikuwa kwingine.

Akaimba. Ubeti wa kwanza, wa pili. Hakuishia hapo. Akaendelea na wa tatu, nisioujua, kwa sauti ya chini, akinitazama. Mimi macho kwenye mishale ya kupimia sauti — ilikuwa inagusa nyekundu. Nikaishusha kwa kidole, taratibu, isisikike kwamba nimeishusha. Niliishusha vizuri sana.

"Umeipata?"

Nikasema nimeipata. Alijaribu kurudia, koo likakataa.

Jumanne, 12 Machi

Wamemaliza. Yuko hai. Nimekula mkate.

Alhamisi, 14 Machi

Baba anaandika kwenye daftari, herufi kubwa kama anabandika bei. Kaandika: SUPU YAO HAINA CHUMVI. Muuguzi kasoma, kacheka, hakuleta chumvi.

Jioni nilifungua rekodi. Nikatafuta ile kavu. Nikaitafuta tena, kana kwamba ni ufunguo. Kisha nikakumbuka hedifoni.

Ipo moja tu, na imelowa mwangwi. Beti mbili za kwanza nazijua, sikio linajaza lenyewe. Ubeti wa tatu ni mtu anaimba chini ya kisima. Nasikia ni yeye. Nasikia anapovuta pumzi. Neno hata moja silipati.

Nilikunja nyaya zote. Nikazikunjua, nikazikunja upya kwa mtindo mwingine.

Jumamosi, 16 Machi

Nimepunguza besi. Nimepandisha sauti za juu. Nimeipitisha kwenye springi, labda ile tabia yake ya kugongwa na herufi ngumu ingezivuta mbele. Naongeza mwangwi juu ya mwangwi ili nipunguze mwangwi. Nikisimuliwa nitacheka.

Nikampelekea Mzee Waya. Kasikiliza mara mbili, macho kafumba, mara ya pili kavua kofia. "Sauti umeipata, binti yangu, tena nzuri. Maneno ndiyo yameondoka." Kisha: si nimuulize Baba mwenyewe, aandike, mkono wake si mzima?

Mzima kabisa. Lakini nikimuuliza, namwambia kwamba aliimba wimbo wake wa mwisho mbele ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa anaangalia mishale.

Jumanne, 19 Machi

Sijamuuliza. Shangazi kaniuliza mimi, kwenye korido ya hospitali: mbona silii kama wenzangu, nina nini? Nikasema nina kazi.

Jumapili, 24 Machi

Baba karudi nyumbani. Kitambaa shingoni, daftari pajani. Hata chai hakusubiri. Kaandika: WEKA.

Nikaweka. Midomo yake ikafuatisha, bila sauti, ubeti wa kwanza, wa pili. Shangazi kacheka pale mbuzi anapomuuliza mnunuzi yeye anauzwa bei gani. Ulipofika wa tatu Baba kafunga midomo. Akanitazama vilevile. Wimbo ukaisha, mkia wa mwangwi ukaburuzika sekunde zake zote sita.

"Huo wa mwisho mgeni kwangu," kasema Shangazi. "Sijaambulia kitu. Kaka, umesemaje?"

Baba kanielekezea mimi kalamu.

"Haya, mwanangu, si wewe uliyekuwa naye chumbani?"

Nikasema nilikuwa naye.

"Basi tuambie."

Nikamwambia Baba aniandikie, ndiyo itakuwa vizuri zaidi. Kacheka — mabega tu sasa ndiyo yanayocheka. Kaandika, kaligeuza daftari nisome: USIONE HAYA. MWAMBIE SHANGAZI YAKO.

Anadhani ni haya.

Shangazi kavuta kiti karibu kabisa, kakunja mikono. Nikasema ngojeni nikafuate waya. Niko chumbani, naandika haya nimesimama. Waya ninao mkononi, hauna kazi yoyote.

Sebuleni wameuweka wimbo tena bila mimi. Kumbe Baba kitufe anakijua. Ubeti wa kwanza umepita. Shangazi anacheka palepale pa mnunuzi. Ananiita, njoo basi, ule wa mwisho unakaribia —