Programu Mbili za Maziwa

Old Moshi,
Jumapili, 22 Juni 2025

Mwanangu Aika,

Nakusalimu kwa upendo, na ninaomba barua hii ikukute una afya na unakula vizuri, maana mara ya mwisho sauti yako kwenye simu ilikuwa ya mtu aliyeshindia chai. Sisi huku tupo. Goti linanisumbua kwa baridi ya mwezi huu, ukungu hautoki mpaka saa nne, lakini ng'ombe wote wawili wanakamuliwa na baba yako bado ana nguvu ya kuwakatia migomba kihambani, shamba letu la nyumbani. Anakusalimu sana.

Utashangaa kuletewa karatasi wakati simu ninayo. Soma kwanza, sababu utaiona.

Ni ile habari ya programu ya kuandikia lita za kikundi chetu cha maziwa. Kwenye simu nilikuambia kwa kifupi tu kwamba kamati imechagua ya Theodory, yule kijana wa Rau, badala ya yako. Ukasema tu sawa mama. Hiyo sawa yako imenikaa moyoni wiki tatu sasa. Najua uliacha kazi ya ofisini ili ujitegemee, na sisi ndio tungekuwa wateja wako wa kwanza.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini jambo hili limenitia hamu ya kujua mpaka baba yako ananicheka. Nilidhani kompyuta zote zina lugha moja. Kumbe Theodory alipokuja akatuambia yake ameiandika kwa Java, na yako umeiandika kwa Elixir; majina hayo aliniandikia pembeni ya daftari. Mama Fredy, jirani yetu, akauliza kama kompyuta nazo zina makabila. Theodory akasema zinayo, na wenyewe wanadharauliana vilevile. Mzee Primus, mwenyekiti, yeye alitaka kujua ni lugha ipi inayomkamata mtu anayetia maji kwenye maziwa. Wanawake wawili wakaangalia chini, sitawataja.

Nilimfuata Theodory mpaka nje nikamuuliza kwa nini zisiwe moja tu. Akasema ni kama ndizi: Rombo wanapika, Machame wanapika, sisi tunapika, na wote wanashiba, ila kila mmoja ana chungu chake. Cha kuangalia, akasema, ni kazi yenyewe, mahali itakapofanyiwa, na nani yuko karibu wa kuitengeneza ikiharibika. Yako hakuisema vibaya. Alisema inabeba watu wengi kwa wakati mmoja bila kuchoka, inafunguka kwenye simu yoyote yenye intaneti, na wewe unaweza kuirekebisha ukiwa hukohuko Dar. Yake inakaa ndani ya kompyuta moja pale kituoni, na kompyuta hiyo ikiungua bila nakala kuwekwa pengine, kila kitu kimekwenda nayo. Nilimpenda kwa kusema ubaya wa kitu chake.

Basi tukazijaribu, kila moja wiki moja. Yako ilianza. Gladys, anayepokea maziwa, alisema inapendeza kama kitenge kipya, na akina mama wakawa wanaonyeshana lita zao kwenye simu. Alhamisi ukungu ukashuka, mtandao ukakatika. Kile kiduara kikawa kinazunguka tu kwenye kioo. Watu thelathini wamesimama na ndoo zao, gari la kiwandani linapiga honi, Gladys hawezi kuandika hata lita moja. Tukarudia daftari. Ya Theodory haina sura, lakini wiki yake mtandao ulikatika mara mbili nayo ikaendelea kuandika tu.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize, mwanangu. Mimi nilimuuliza Theodory kama hiyo yako ina dawa. Akanijibu waziwazi kwamba ipo: inawezekana kuifanya itunze lita ndani ya simu mpaka mtandao urudi, na kwa mtu anayejua kazi kama wewe haichukui wiki mbili. Nilikwenda kwenye kikao cha sisi watano wa kamati nimeyashika maneno hayo niyaseme. Kabla sijafungua mdomo, Mama Fredy akatania kwamba Mama Aika asiulizwe, ndama wake anajulikana ananyonya wapi. Wakacheka wote. Nikanyamaza. Mzee Primus akaita mikono: wawili kwako, wawili kwa Theodory. Wakageuka kunitazama mimi.

Kura ya tano ilikuwa yangu, Aika. Niliinua mkono upande wa Theodory, nikarudi nyumbani na lile neno la dawa bado ninalo. Wakanipigia makofi, wakasema Mama Aika hana upendeleo. Labda hata wangelisikia wangechagua ya Theodory, kwa kuwa Rau ni karibu. Sijui. Hawakupewa nafasi ya kujua, na wewe hukupewa nafasi ya kurekebisha, kwa sababu niliogopa kuchekwa.

Jumamosi tuna kikao, nitasimama niwaeleze kama nilivyokueleza. Lakini nilitaka wewe uwe wa kwanza.

Ndani ya bahasha utakuta jani la isale, nimelikata pale mpakani mwa kihamba na kulifunga fundo. Najua kwetu mzazi hampelekei mtoto isale, bibi yako angenishangaa. Ila unajua pia kwamba anayeletewa hakatai kusamehe, na jani halipiti kwenye simu. Leodegar wa hapa jirani anasafiri kesho kuja Dar, amekubali kukuletea mkononi. Likifika limekauka, bado ni isale.

Ukipata nafasi uje, unifungulie hayo maandishi ya Elixir niyaone kwa macho yangu, hata nisipoyaelewa. Nitakupikia mtori wa ndizi. Wasalimie majirani zako wote, na ule vizuri.

Mimi mama yako,
Digna